Mtoto Haonwi Bila Mzazi

Mshauri alimuuliza binti, akajibu mama.

"Huyu halali, dada yangu. Usiku kucha kazi yake ni kuzunguka nyumba."

"Nilikuwa namuuliza yeye, mama."

"Ah, samahani. Mdomo huu!" Mama alijipiga kofi dogo mdomoni, akacheka.

Alikuwa na gauni lililonyooshwa vizuri kwa pasi, na wanja uliokaa sawasawa. Mshauri hakukipenda kicheko chake hata kidogo. Pale kwenye kliniki ya watoto na vijana wenzake walimwita Jicho, na hawakumwita bure. Kibao cha mapokezi kilisema mtoto haonwi bila mzazi, naye Jicho alikipenda sana kibao kile. Mzazi huingia akijua amesindikiza tu, halafu hujisahau, akaropoka.

Binti alikuwa na miaka kumi na minne hivi. Alikaa ukingoni mwa kiti akiwa na sare ya shule, mkoba wa mama yake ameupakata. Mama alipounyooshea mkono, binti aliufungua mwenyewe, akatoa leso, akampa, akaufunga tena.

"Unaona?" mama alisema. "Ndiyo siku zote hivyo. Visu vya jikoni kavificha, mpaka vitunguu nakwenda kukatia kwa jirani. Ufunguo wa kabati la dawa kauvaa shingoni. Analala sakafuni, mlangoni pa chumba changu. Na bafuni je? Anataka nikioga niimbe! Nikinyamaza kidogo tu, ngo ngo ngo, mama, mama! Na sauti yenyewe hii, majirani wamenikoma."

Alicheka tena. Binti hakucheka.

"Na shule?"

"Anafika getini, anageuza. Mwalimu wake kachoka na mimi nimechoka."

"Na hapo begani pana nini?"

Alama nyeusi ilikuwa ikichungulia kwenye kola ya sare. Kicheko cha mama kilikatika.

"Ni mlango."

"Mlango?"

"Nilikuwa nimejifungia, napumzika zangu. Akauvamia kwa bega mpaka komeo likang'oka."

Mlango! Jicho alikwishasikia habari za milango. Milango inayopiga watoto, ngazi zinazowasukuma, meza zinazowavizia gizani. Ajabu ni kwamba vitu hivyo vikorofi havimgusi mzazi hata siku moja. Na mtoto anayelala mlangoni anataka kujua nani anatoka. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na hasira ikampanda.

"Nyumbani mnaishi na nani?"

"Wawili tu. Baba yake tulimzika mwaka jana." Mama alitabasamu. "Tumezoea."

"Nani aliamua mje hapa?"

"Yeye mwenyewe! Kanililia wiki nzima, mama nipeleke, mama naumwa moyo. Wewe umeona wapi mtoto anayeomba kupelekwa hospitali?"

Kwa uzoefu wake, mtoto anayeomba mwenyewe kuletwa ana moto unaomuunguza, na aliyeuwasha hayuko mbali.

"Mama, tupishe kidogo. Kuna benchi hapo nje."

Binti aliruka kutoka kitini. "Hapana! Abaki!"

"Ndiyo taratibu zetu. Kila mtoto tunazungumza naye peke yake."

"Basi mlango uwe wazi."

Mama alimbusu utosini. "Sema yote, mwanangu. Mimi sina neno." Akatoka taratibu, mikono mitupu.

Jicho aliufunga mlango, akageuza ufunguo. Maskini, macho ya mtoto hayakubanduka mlangoni. Jicho alivuta kiti chake karibu.

"Usiogope. Hapa hakuna wa kukugusa."

Binti aliukumbatia mkoba.

"Najua mengi kuliko unavyodhani. Hilo bega halikuumizwa na mlango."

"Ni mlango, anti."

"Haya. Na visu? Unamficha nani visu?"

Machozi yalimtoka binti kabla ya sauti.

"Mama."

Ndiyo hiyo. Jicho aliona uchungu, na kwa kweli aliona fahari pia, maana mara nyingine tena pua yake haikumdanganya. Alichukua simu kutoka mezani.

"Umefanya vizuri kuniambia. Sasa sikiliza, leo hurudi naye. Kuna nyumba ya watoto, ina mlezi mwema sana. Utakaa huko mpaka tumchunguze."

"Na yeye atakaa na nani?"

"Hebu acha kumwonea huruma. Mtu mzima yule, atajijua."

Binti alisimama, mkoba ukaanguka. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akaanza kukivuta kitasa kwa mikono miwili.

"Anti, fungua. Naomba ufungue."

"Nitafungua. Kwanza niambie anakufanya nini."

"Hanifanyi kitu! Mama hajanipiga hata kofi! Visu namficha asijidhuru!" Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mimi siumwi, anti. Nilimbembeleza mwaka mzima aende kwa daktari akakataa, ndipo nikasema naumwa mimi, nikajua kwa ajili yangu atakuja. Mgonjwa ndiye huyo uliyemtoa nje, peke yake."