Gari Lisilonguruma

Kila jioni, mpima ardhi alipozima injini mbele ya nyumba, alikuta mlango umeshafunguliwa. Mkewe alisimama hapo, amenawa uso, kitambaa cha kichwani kimekaa sawasawa, na jikoni birika linaanza kuimba. "Mke wangu ana saa kichwani," mpima alipenda kujigamba kwa wenzake. "Hakosei hata dakika."

Jumatatu ile alirudi saa zilezile, akakuta mlango umefungwa.

Alijifungulia mwenyewe. Jiko lilikuwa baridi, birika tupu. "Mko wapi watu wa nyumba hii? Njooni muone mnyama mpya!"

Mkewe alijitokeza kwenye korido akiwa ameshika ukuta, kichwa wazi, shavu moja lina mistari kama la mtu aliyelala mahali pagumu.

"Umeniibukia kama mwizi," alisema.

"Na wewe unalala jioni yote hii kama paka! Hebu njoo nje."

Nje lilisimama gari la porini, si kubwa wala si dogo, toleo jipya kabisa la lilelile alilokuwa nalo miaka yote. Muuzaji alimpa nafasi ya kulijaribu hadi Jumamosi. La zamani lilibaki kwenye yadi ya muuzaji. Jumamosi mpima angetia saini, na la zamani lingekatwakatwa liuzwe vipuri, au angerudisha hili jipya na yaishe. Kwake yeye jibu lilikuwa wazi. La zamani lilikuwa limeshamlaza porini, yeye na vifaa vyake vya kupimia, akigombana na mbu.

"Kwenye mwendo mdogo linatumia umeme," alisema, akalisogeza mbele kidogo. "Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo raha yake!"

Mkewe alilitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye chakula. "Linanitia kichefuchefu," alisema, akarudi ndani.

Mpima hakujali. Mkewe na magari, wapi na wapi? Hukumu aliyoingoja ilikuwa ya wenzake, wapenzi wa magari ya porini, waliokutana kila Jumatano penye uwanja wa kuoshea magari.

Daktari wa meno alilizunguka gari polepole, mikono nyuma, kisha akachuchumaa mbele yake.

"Masikini. Nani kamfanyia hivi?" Akanyooshea kidole vyuma vya mbele. "Meno haya yamepangwa na mlevi. Lingekuja kwangu ningeyang'oa yote, na ganzi nisingelichoma."

Fundi bodi aligonga bampa kwa kucha, akakunja uso. "Plastiki. Gonga kisiki kimoja tu, utarudi nyumbani na vipande kwenye mfuko." Akachungulia ndani. "Na hii televisheni je? Vitufe wamevila? Mikono ikiwa na tope utabonyeza kwa pua?"

"Mazoea tu yanawasumbua," mpima alisema, lakini masikio yalikuwa yanamchoma. "Hata mke wangu naye anasema linamchefua."

"Shemeji?" Daktari aliinuka akishika kiuno kwa kicheko. "Yule asiyejua kutofautisha usukani na stepni? Basi limekwisha hilo, ndugu yangu. Lizike."

Lakini nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Kila jioni gari lilifika kimyakimya, na kila jioni mambo hayakuwa tayari. Mara taa hazijawashwa. Mara mkewe anatoka msalani mbiombio, anajifuta mdomo kwa kiganja, na kabla hata ya salamu matusi yanaanza: jeneza lenye magurudumu, nyoka, mbwa asiyebweka. Mpima hakujua kwamba mwanamke yule mpole alikuwa na akiba ya maneno makali kiasi kile.

Alhamisi mkewe alibadili sauti. "Basi ukifika kona piga honi."

"Honi? Mimi ni teksi?"

"Piga tu, mume wangu. Nakuomba."

Hakuwa mtu wa kuomba. Mpima alicheka, na kesho yake akaingia kimya vilevile. Alimkuta ukumbini, anajizoazoa kutoka chini na kitambaa cha vumbi mkononi. Akamtania kwamba tangu lini vumbi linafutwa jioni.

Jumamosi asubuhi, akiwa na funguo mkononi, alimkuta amesimama getini.

"Rudisha hili. Ulete lile la zamani."

"Lile bovu? Linalovuja oili, linalonguruma kama mashine ya kusaga, majirani wote wananilaani?"

"Hilohilo."

"Pisha, nimechelewa."

Hakupisha. Mpima akachemka.

"Wenzangu wanalitukana, sawa, wana sababu zao. Sijui meno, sijui plastiki, sijui televisheni. Wewe hujalipanda hata mara moja! Limekukosea nini? Sema leo, nisikie!"

Mkewe aliegemea boneti. Ilikuwa mara ya kwanza kuligusa. Kisha akashuka taratibu, akaketi juu ya jiwe la getini, kiganja kimebana ubavu.

"Lile la zamani nilikuwa nalisikia likiwa bado mtaa wa pili," alisema bila kuinua macho. "Nilikuwa napata muda wa kuinuka sakafuni."