Silabi ya Kwanza

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi ilianza na manyunyu, na fundi alifika na begi la vifaa kichwani, kwa kuwa mwavuli wake alikuwa ameutengeneza mwenyewe.

Sebule ilijaa. Shangazi, wajomba wawili na bibi mzaa baba walikuwa wamevaa nguo za kutokea, na saa nne bado. Katikati, juu ya meza ndogo, palikuwa na kompyuta ya mwalimu. Mwalimu mwenyewe alikaa pembeni, barua ya kuacha kazi mapajani, haijatiwa sahihi.

"Saa nne mchumba wake anaongea mbele ya wazee," Shangazi alisema. "Ukishindwa, fundi, utatueleza ulisomea wapi."

"Nasoma kwake," fundi akajibu, akimwonyesha mwalimu kwa kidevu.

Ilikuwa kweli. Hadi umri wa miaka arobaini na saba fundi alijua nyaya zote na hakujua herufi hata moja, mpaka mwalimu alipomkalisha kwenye darasa la jioni. Kosa lake moja halikwisha: akisoma, alirukia katikati ya neno. "Usimeze silabi ya kwanza, fundi," mwalimu alimwambia kila siku. "Roho ya neno imo humo."

Mwalimu akiisaini ile barua, atamfuata mchumba ng'ambo, na darasa litafungwa kabla fundi hajamaliza kitabu cha kwanza.

"Inaumwa nini?" fundi aliuliza.

"Sauti inakatika," mwalimu alisema. "Nami sisaini kitu mpaka nimsikie vizuri kwa masikio yangu."

"Umsikie mara ngapi?" Shangazi akadakia. "Jumamosi tatu tunamuuliza, Jumamosi tatu anajibu, ''Takuoa! 'Takuoa!' Mwanamume ana haraka, hata neno zima halimtoshi kinywani."

"Na kutikisa kichwa kule?" mwalimu akauliza.

"Mtandao."

"Na ujumbe wangu hajibu."

"Mtu anajenga, ataandika saa ngapi?"

Fundi aliinamia kompyuta. Angeweza kusema spika zimekufa, hazina dawa. Nani pale angejua? Wazo likamkalia begani kama inzi. Akalifukuza kwa sala fupi: "Bwana, nishike mkono wa kulia, maana leo unataka kudanganya."

Akafunga programu zilizorundikana. Akaizima mashine, akaiwasha. Akafungua kipindi cha redio kilichorekodiwa.

"Bari za asubuhi," mtangazaji alisema.

Akaisimamisha, akaianzisha tena.

"Bari za asubuhi."

"Imekula 'ha'," fundi alisema. "Inameza silabi ya kwanza."

"Kumbe mnasoma darasa moja!" mjomba mmoja akasema, na sebule nzima ikacheka, hata bibi ambaye hakusikia.

Fundi akapekua mipangilio, akisoma kwa kidole, midomo ikicheza. Mwaka jana angebahatisha. Chini kabisa akakuta alama ya kubana umeme: kukiwa kimya, spika zinalala, mtu akianza kusema, zinachelewa kuamka. Akaiondoa.

"Habari za asubuhi," ikasema redio, zima zima.

"Umeiponya," mwalimu alisema taratibu, akavua kifuniko cha kalamu. Fundi akajitia kupanga bisibisi zake, ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Saa nne kamili uso wa mchumba ukatokea. Shangazi akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza.

"Haya, mwanetu, wazee wote wapo. Ile ahadi yako mwambie mwenzio mara ya mwisho, atie sahihi tule." Akavuta pumzi, ulimi tayari kwa kigelegele.

Kukawa kimya. Mchumba akatikisa kichwa kama kawaida yake, akaisogelea kamera.

"Sitakuoa."

"Fundi," mwalimu alisema kwa sauti mbele ya ukoo mzima, akirudisha kifuniko cha kalamu, "Jumatatu jioni nitakuwa darasani."