Kopo la Shangazi

Wifi alipitisha kidole juu ya kabati la vyombo, akakitazama, akakunja uso. Kidole kilikuwa safi. Hilo lilimuudhi kuliko vumbi.

"Haya mapazia ni mashuka, au macho yangu?"

"Ni mashuka, wifi," Mama Kibonge akajibu. "Yalichanika katikati, nikakata pande nzima nikazishona."

"Makubwa!"

Hakuja kusalimia huyu, alikuja kukagua. Wiki nzima alikuwa amemjaza maneno mdogo wake, yule fundi viatu mume wa Mama Kibonge, kwamba mtoto analelewa kifukara, bora ampe yeye akakae kwenye nyumba ya maana. Na fundi viatu, aliyelelewa na dada huyo tangu mama yao afariki, hajawahi kumwambia hapana hata kwa bahati mbaya. Alichosema ni hiki: "Dada aje aone mwenyewe. Akiona hapafai, ataondoka na mtoto leoleo." Tangu asubuhi Mama Kibonge hajatia kitu mdomoni.

Kibonge mwenyewe, miaka mitatu, mashavu tele, alikuwa sakafuni akigonga bakuli la plastiki kwa kijiko. Halikulia vizuri. Ngoma yake halisi, kopo tupu la maziwa ya unga, shangazi huyuhuyu aliondoka nayo alipokuja mara ya mwisho. "Naenda kuitupa," alisema, "nyumba si jalala." Mtoto alilia mpaka akashikwa na kwikwi.

Sasa wifi alikuwa ameinua sahani, anaichungulia chini.

"Na huu uchafu uliochorwa huku?"

"Ni alama. Bombani wapangaji wote tunaoshea pamoja, vyombo vinachanganyika. Vya kwetu vyote nimevichora samaki kwa msumari, hadi ndoo. Miguu ameitaka Kibonge. Anasema samaki asiye na miguu atatembeaje?"

"Samaki ana miguu! Ndiyo elimu mnayompa mtoto." Akaitua sahani kwa ncha za vidole. "Na hiki jikoni ni nini?"

"Mkate wa juzi. Nimeuchovya kwenye yai, nikaukaanga."

"Makombo! Mwanangu wa damu analishwa makombo!" Akachukua kipande ili ahakikishe. Kilikuwa kibaya, akasema, akahakikisha na cha pili. Alipomaliza kuihakikisha sahani yote, alijifuta midomo akauliza kwa dharau kama kuna kingine, maana hawezi kutoa hukumu nusunusu. Kisha akauliza, macho yakiwa dirishani, eti vipande vya sabuni wanavyoviyeyusha na kuviunganisha hukaa siku ngapi.

"Kumi, wifi, ukivikausha kwanza."

"Aibu tupu," akasema wifi. "Unavikausha kivulini au juani?"

Fundi viatu akaingia, gundi imemganda vidoleni. Akakaa ukingoni mwa kiti, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akisubiri kuambiwa. Mwanamume mzima! Mama Kibonge alimtazama akatamani kumtingisha.

"Nimeona ya kuona," dada akaanza. "Mtoto hata maziwa hajui. Mimi, kwa kuwa nina uchungu naye, sikuja mikono mitupu." Akatoa mkobani kopo la maziwa ya unga, yale ya bei mbaya, kifuniko kimezungushiwa utepe wa gundi. "Msifungue sasa, yataingia hewa. Kwangu atakunywa haya asubuhi na jioni. Na wewe, mdogo wangu, utakuwa unanitumia kidogo tu kila mwezi, matumizi yake. Si kwa ajili yangu. Mimi nina shida gani?"

Fundi viatu akaangalia sakafu. "Mama Kibonge," akasema kwa sauti ya chini, "mfungashie nguo zake."

"Sifungashi."

Hata yeye alishtuka kujisikia. Akaikaza khanga kiunoni.

"Mtoto anakula, analala, anacheka. Kosa lake liko wapi? Kwamba mama yake anajua kushona?"

"Unamsikia?" wifi akafoka. "Mimi niliyekubeba mgongoni, leo najibiwa na mkeo!"

Katika makelele hayo hakuna aliyemwangalia Kibonge. Alishaliburuta kopo hadi pembeni, akang'oa utepe kwa meno, akavuta kifuniko. Kopo likapinduka, yaliyomo yakamwagika yote kwenye mkeka. Fundi viatu akachota kwa kidole, akaonja. Akaonja tena.

"Dada, mbona huu ni unga wa mahindi?"

Wifi alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mungu wangu, nimetapeliwa! Duka kubwa vile, vioo mlango mzima, wananiuzia unga kwenye kopo la maziwa! Kesho watanitambua mimi ni nani!"

"Pole, dada," fundi viatu akasema, na huruma ilimjaa machoni, masikini wa Mungu. "Unajinyima kwa ajili ya mwanangu, halafu wanakufanyia hivi." Akamgeukia mkewe, na safari hii sauti ilikuwa kali. "Umeona moyo wa mtu? Fungasha nguo za mtoto. Sirudii."

Mama Kibonge akainuka. Akavuta begi kutoka chini ya kitanda, akaanza kukunja kigauni kimoja kimoja, machozi yakidondokea juu yake.

Kibonge hakuwa na habari na mtu. Alikuwa na kopo tupu, na kijiko kilikuwa mkononi. Akaligeuza kitako juu, akanyanyua kijiko apige. Kijiko kikabaki hewani.

"Baba, njoo uone!" akapiga kelele kwa furaha. "Samaki wetu wa miguu!"