Maua ya Mama Yamgeukia Nani

Siku hizi nyumba ya marehemu hurithiwa na yule ambaye maua ya bustani yanamgeukia. Baada ya arobaini ya mama, mimi na dada yangu Mwanaidi tulisimama katikati ya maua aliyoyaacha yaote yapendavyo, yakikauka kiangazi na kuchipua tena masika.

“Funga virago, mdogo wangu,” Mwanaidi alinitania. “Tangu mama afe umeyamwagilia mpaka yamekuchoka.”

“Na wewe dada, hata majina yake huyajui.”

Maua yakaanza kugeuka taratibu. Yalitupita sisi wawili, yakatazama lango lililofungwa.

“Kwani mama alikuwa na mtoto mwingine?” niliuliza.

Kabla Mwanaidi hajajibu, mtu akapiga hodi nje, kwa sauti ya mama kabisa.