Uji wa Bibi Leokadia

Siku hizi parokiani kwetu mtoto hapewi kipaimara mpaka awekewe kichwani kumbukumbu za marehemu mmoja wa jumuiya. Katekista huiita huduma, eti wazee wetu wasipotee. Imelda wangu alipangiwa Bibi Leokadia, nami nikasaini kwa shingo upande.

Wiki ya kwanza alisuka mkeka bila kufundishwa na mtu. Wiki ya pili akaanza kusali rozari kwa Kihaya, lugha ambayo humu ndani hakuna anayeijua. Nikajisemea, sawa, si ndiyo mafundisho yenyewe.

Jana asubuhi nilikuwa nakoroga uji. Imelda akaketi mezani, akanitazama kwa muda, kisha akaniita taratibu, "Mama Imelda."

Mwanangu huniita mama tu.

"Ile Kwaresima niliyougua," akasema, "uliwaambia wanajumuiya kwamba unaniletea uji kila asubuhi. Nami kila asubuhi niliacha mlango wazi, nikakusubiri."

Nilimmiminia kikombe.

Akanywa polepole mpaka akamaliza.

"Kumbe huwa unaweka tangawizi," akasema.