Kitanda cha Dirishani

Zaituni alikuwa akitengeneza programu ya simu kwa ajili ya hospitali ya mji. Ndugu anaandika jina la mgonjwa, programu inaulizia kwenye hifadhidata, kisha inamwambia amelazwa wapi. Jibu likichelewa simu haigandi. Mtu anaendelea na shughuli zake, jibu litamfuata.

Ili kuijaribu aliandika jina lake mwenyewe, kama wafanyavyo mafundi wote. Kiduara cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka. Akaiacha simu mezani, akaenda kuosha vyombo.

Simu ikalia. Habili, mumewe, akaitazama.

"Zaituni amelazwa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani," alisoma polepole. "Anauliza mbona hamji kumwona."

"Ni majaribio tu, Baba Rehema. Mimi si huyu hapa?"

Habili alimimina uji kwenye chupa ya chai, akakaza kifuniko, akavaa viatu. Alipofika karibu na mkewe akasimama.

"Huko dirishani kuna baridi," alisema. Akamvua kanga mabegani taratibu, akaikunja, akaondoka nayo.