Mtindo Wenye Jina Moja

Siku hizi kila mtindo wa muziki una mwenyewe, na asiye na kibali haruhusiwi kuupiga hata chumbani kwake.

Bi Sikudhani alikuwa mpiga tarumbeta, na mumewe Kibwana mpiga saksofoni. Kwa miezi saba walirekodi pamoja albamu ya bibop, jazi ile ya kasi, tarumbeta ikiuliza na saksofoni ikijibu. Asubuhi albamu ilipotoka, Sikudhani alisimama sebuleni akapiga sehemu zake kwa furaha. Kifaa cha serikali kilicho ukutani kikamkatiza: "Mtindo huu ni mali ya Kibwana Shekue. Tafadhali acha."

Kibwana alikuwa akinywa chai.

"Niliwahi kuusajili tusije tukaibiwa," alisema. "Fomu ina nafasi ya jina moja tu, mke wangu."

"Mbona hukuandika langu?"

Kibwana alikoroga chai iliyokwisha korogeka. "Nitakupa kibali. Kila siku, saa kumi mpaka kumi na moja."

Mtoto wao akaamka akilia. Sikudhani alimpakata, akaanza kumwimbia taratibu kipande kimoja cha albamu, kisha akasita.

"Na hii je, naruhusiwa?"

Kibwana aliweka kikombe chini, akafikiri kwanza.